Pikipiki ya marehemu iliyotulia tu ikibeba mtu nyuma

Wakuu, salamu kutoka Kibomet, Kitale, ambako asubuhi hii ukungu umeshuka hadi kwenye paa la jirani.

Haya ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Pale nilipoogopa nitasema niliogopa. Pale nilipofanya ujinga, yaani karibu kote, sitaupaka rangi. Majina nimeyabadilisha. Pikipiki sijaibadilisha, iko hapo nje chini ya mparachichi.

Mimi ni mtu wa miaka arobaini na tisa, naishi kwa kuandika makala, na nina shahada mbili ambazo hakuna hata moja inayojua kukaza nati. Kwa sababu ya miwani, mtaani wote huniita Mwalimu. Nikiwaambia sifundishi, hunijibu, "Sawa, Mwalimu."

Nina kishamba Saboti, na nilikuwa nimechoka kungoja usafiri kila nikitaka kwenda kuona mahindi. Nikaanza kutafuta pikipiki iliyotumika. Nikaambiwa iko moja Kimilili, imekaa miezi mingi, haijapata mnunuzi.

Hapo msomi alipaswa kuuliza kwa nini.

Mwenye kuuza alikuwa mama wa makamo aliyeanza kuzeeka, nitamwita Mama Wanjala. Nilienda na mke wangu, Mama Tina. Yule mama alitupeleka nyuma ya jikoni, akavuta turubai, na pikipiki ikatokea. Safi, nyeusi, imesimama kama ng'ombe aliyesahauliwa zizini.

"Ilikuwa ya kijana wangu, Wanjala," akasema. "Alianguka nayo akitoka Bungoma. Akafa hapo hapo. Sikufichi."

Kweli hakunificha. Alisema na jambo la pili, ambalo siku hiyo niliona halinihusu.

"Wanasema alikuwa amelewa. Watu waliona pikipiki inayumba barabara yote, huku na huku. Mpaka mhubiri akasimama kwa mazishi akafundisha vijana juu ya pombe, na jeneza ya mtoto wangu iko hapo mbele yake. Nami nimekaa kwa kiti nasikiliza. Wanjala hakuwa anaonja hata busaa."

Tukampa pole. Akaniangalia miwani.

"Wewe umesoma. Huogopi?"

"Mama, chuma ni chuma," nikamjibu.

Naomba mlikumbuke hilo jibu. Mimi nalikumbuka kila siku.

Tukaijaribu pale pale, mimi mbele, Mama Tina nyuma, mpaka sokoni na kurudi. Ilinyooka kama rula. Tukarudi nayo Kitale wawili sisi, na mkungu wa ndizi aliotupa yule mama umefungwa kando. Njia nzima sikuona kosa hata moja. Nilijisifu moyoni kwamba woga wa watu umenipatia mali.

Kesho yake asubuhi nikaiendesha peke yangu kwa mara ya kwanza.

Nilipotoka tu mjini na kuongeza moto kidogo, mikono ya usukani ikaanza kutikisika. Mwanzo kidogo, kama mtu anayekataa kwa kichwa. Kisha zaidi. Kufikia mteremko wa kwanza usukani ulikuwa unapiga kushoto, kulia, kushoto, kulia, nami nimekaza meno na kulitaja jina la Mungu ambaye katika makala zangu huwa namtaja kwa tahadhari.

Nilipunguza mwendo, ikatulia. Nikaongeza, ikarudi.

Sasa wakuu, sikilizeni sehemu hii vizuri.

Kabla ya kufika Saboti kuna mlima mmoja, si mrefu, mahindi pande zote mbili, na wakati huo yalikuwa yamemzidi mtu kimo. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, jua kali, barabara tupu. Nilikuwa katikati ya kupanda, jasho limenilowesha, wakati usukani uliponyamaza ghafla.

Ukanyamaza kabisa. Kisha upande wa nyuma ukashuka, polepole, na kiti kikalia kriii.

Ni mlio ule ule unaotoka Mama Tina akipanda.

Nikauliza, kwa mazoea, kama ninavyomuuliza yeye, "Umekaa vizuri?"

Hakuna aliyejibu. Kilichonitisha si kimya chenyewe. Kilichonitisha ni kwamba nilikuwa nimesubiri nijibiwe.

Sikugeuka. Nilipanda mpaka kileleni na pikipiki imetulia kama ile siku ya kwanza. Barabara ilipoanza kushuka, kiti kikalia tena kriii, nyuma kukainuka, na usukani ukaanza kukataa kwa kichwa.

Kurudi jioni, kwenye mlima wa upande wa pili, ilikuwa hivyo hivyo. Na kesho yake. Na wiki iliyofuata. Ikipanda, kama mtu amekaa. Ikishuka, kama mtu ameshuka.

Siku ya tatu niligeuza vioo vyote viwili. Cha kulia nilikielekeza kwenye mahindi. Cha kushoto kilinionyesha kidevu changu. Polisi angenikamata ningemweleza nini? Sijui. Naona ningesema nanyoa ndevu.

Nyumbani nilieleza sehemu ya kutikisika tu. Ile nyingine niliimeza.

"Mbona nikiwa mimi haitikisiki?" Mama Tina akauliza.

"Sijui."

"Si ni wewe basi, Baba Tina. Unashika usukani kama unashika kalamu."

Nikaamua kutafuta kosa kisayansi, maana yake nikaanza kubahatisha kwa utaratibu.

Kwanza upepo wa tairi. Nikaujaza kama ilivyoandikwa. Haikusaidia.

Tairi la mbele lilikuwa limelika upande mmoja, nikaweka jipya. Haikusaidia, ila sasa ilitikisika ikiwa inapendeza.

Nikakaza spoki mwenyewe kwa kufuata video. Rimu ikapinda. Hilo kosa halikuwepo, nililileta mimi.

Hapo ndipo nikaipeleka kwa Fundi Barasa, mzee wa karibu miaka sitini ambaye karakana yake ni mti mmoja na bati mbili hapa Kibomet. Barasa hana haraka. Alizunguka pikipiki mara mbili, mikono nyuma, kama mtu anayeangalia mahari.

"Nani alikaza hizi spoki?"

"Mimi."

"Usirudie, Mwalimu. Wewe andika."

Akainyoosha rimu. Kisha akainua gurudumu la mbele likaning'inia, akageuza usukani polepole kwa kidole kimoja. Ulipofika katikati ukakwama kidogo, kama mlango unaoingia kwenye komeo. Akasema beringi za shingo ya usukani zimelika, zimetengeneza kishimo pale katikati. Tukaweka mpya. Nikafurahi, nikasema kosa limepatikana.

Alipokuwa akifungua taa ya mbele ili afike kwenye zile beringi, kitu kikaanguka. Kitawi kikavu, majani yake yamesagika, kimefungwa kwa uzi mweusi.

Mnajua desturi ya huku. Mwendeshaji wa boda akifa, wenzake humsindikiza wakiwa wamefunga matawi kwenye pikipiki, wanapiga honi mpaka nyumbani kwake. Kile kitawi kilikuwa cha siku hiyo. Pikipiki ilikuwa imemsindikiza mwenyewe.

Nikanyoosha mkono nikitupe. Barasa akanishika kiganja.

"Hii si takataka, Mwalimu."

Akakifunga kwa karatasi, akakiweka chini ya kiti, akaendelea na kazi.

Nikaijaribu. Ilitikisika vile vile. Na pale mlimani, kriii.

Niliporudi nilikuwa nimekwisha kuamua kuuza. Kulikuwa na mwendeshaji mmoja wa boda aliyekuwa akiitamani tangu siku ya kwanza, baba wa watoto watatu, wa kutoka mbali, asiyejua habari za pikipiki hii. Mama Tina alisema iende. Nilimrudishia Barasa tu aifunge vizuri, aisafishe.

"Ukiiuza hivi," Barasa akasema, "basi mwite huyo mtu hapa umwambie ile yote unaniambia. Ukishindwa kumwambia, jua umemuua."

Sijui kwa nini, nikamweleza hata ile niliyoficha. Mlima. Kiti. Mtu anayekaa.

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Aliniuliza.

"Na ukibeba mama watoto, inatulia?"

"Kabisa."

"Teremko na mlima?"

"Kote."

Akachukua kamba, akaivuta kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, akaona fremu haijapinda. Akachukua kijiti, akapima kutoka ekseli ya nyuma hadi chini ya kiti. Akaenda kwa pikipiki nyingine ya aina ile ile iliyokuwa hapo, akapima. Hapo kijiti kilizidi kwa upana wa vidole vinne.

"Njoo uone. Hizi springi si za hii. Hizi ni za tuktuk."

Kwa wasiojua: wabebaji wa magunia huku wana tabia ya kung'oa springi za nyuma na kufunga ngumu zaidi, za chombo kizito, ili pikipiki isilale chini ya mzigo. Ikiwa na magunia matatu, inakaa sawa na kunyooka. Ikiwa tupu, springi hazibonyei, nyuma inasimama juu, pua inainama kama mbuzi anayekunywa maji. Mwendo ukiongezeka, hasa mteremkoni, usukani hauna uzito wa kuunyoosha. Unaanza kucheza. Wapita njia wataona nini?

Wataona mlevi.

"Kupanda mlima," Barasa akaendelea, "uzito wako unarudi nyuma. Springi zinabonyea kidogo, kiti kinalia, pikipiki inatulia. Kushuka, zinaachilia. Huyo mtu wako ni mlima, Mwalimu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wiki sita nimegeuza vioo kwa ajili ya mlima.

Akafunga springi zinazostahili, akapangua na kupanga gurudumu la nyuma, nikaondoka. Ilinyooka. Peke yangu, mteremkoni, mkono mmoja, ilinyooka. Pale mlima wa Saboti nilipita mara tatu kwa makusudi. Hakuna kriii. Mlima ulikuwa mlima. Nitasema ukweli: mara ya tatu nilijihisi mpweke.

Usiku wa siku hiyo sikulala vizuri, na si kwa woga. Nilikuwa nikimwona yule mama kwenye kiti, anasikiliza mahubiri ya pombe. Mimi nilikuwa na jibu lake, limefungwa kwenye gunia, jozi moja ya springi za tuktuk.

Jumamosi nikaenda Kimilili.

Nilimkuta anapukuchua mahindi uani. Niliweka zile springi mbele yake na kueleza kama alivyonieleza Barasa, polepole, bila maneno ya chuo kikuu. Kwamba Wanjala hakuwa amelewa. Kwamba ni pikipiki iliyoyumba, si yeye.

Alizigusa kwa ncha ya kidole.

"Siku ya kumzika," akasema, "mwenzake aliiendesha mbele ya gari la mwili. Ikamsumbua. Akashuka akaisukuma kwa miguu mpaka hapa. Wakasema Wanjala amekataa ipandwe. Ndiyo maana hakuna mtu wa stage ya boda alitaka kuinunua."

"Haikukataa, Mama. Ilikuwa tupu."

"Tupu." Akalirudia. "Siku hiyo alikuwa anatoka Bungoma. Alikuwa amepeleka mahindi yangu. Alikuwa ameshusha yote."

"Hizo springi alizifunga lini?"

Wakuu, hili swali laiti ningelimeza. Nililiuliza kwa sababu mimi ni mtu wa kutaka kumaliza hoja.

Mahindi yalikuwa yakidondoka kutoka mkononi mwake moja moja.

"Wiki hiyo hiyo," akasema. "Mvua ilikuwa inakuja. Nikamwambia, kijana wangu, mbona uende Bungoma mara tatu kama unaweza kwenda mara moja? Weka springi za nguvu. Ni mimi nilimwambia. Akasema sawa, Mama."

Nikaziokota zile springi, nikazirudisha kwenye gunia.

Alisema bila kulia, kama mtu anayekubali mzigo mlangoni.

"Afadhali mimi kuliko pombe."

Kisha akafunga leso, akasema nimpeleke mahali alipoanguka. Tangu siku hiyo hakuwahi kufika. Alikuwa anaona haya, eti watu watasema mama wa mlevi amekuja kuangalia kona.

Tulienda wawili. Ni pale barabara ya kutoka Bungoma inaposhuka kuelekea mtoni, kabla ya kupanda tena upande wa Kimilili. Ilikuwa saa sita mchana. Miwa kando, hakuna upepo, hata ndege hawakulia. Nilizima injini.

Nikatoa kile kitawi chini ya kiti, nikampa. Alikijua. Ni yeye aliyekuwa amefunga ule uzi mweusi.

Alisimama ukingoni na kusema kwa Kibukusu, sauti ya chini, kama mtu anayemwamsha mtu mwingine bila kutaka kumshtua. Mimi Kibukusu changu ni cha sokoni, lakini nilisikia jina, na nilisikia "nyumbani". Alisema kwa muda mrefu. Kisha akakifunga kile kitawi kwenye chuma cha nyuma cha pikipiki, pale abiria hushika.

Nikapanda, nikawasha, nikamngoja akae.

Hakukaa.

"Enda," akasema.

"Na wewe, Mama?"

"Mimi nitakuja kwa miguu. Hapo nyuma si pa watu wawili. Mbebe yeye kwanza. Enda pole pole, usimwangushe tena."

Ningeweza kumwambia habari za mlima na springi. Nilikuwa nimekuja kutoka Kitale kwa ajili hiyo hasa. Nilimwangalia usoni, nikatia gia.

Sasa nawaambia kilichotokea, na kila mtu afanye nacho atakavyo. Springi alizofunga Barasa zilikuwa sahihi, mpya, zimepimwa. Barabara pale bado inashuka, haijaanza kupanda. Nami nilikuwa peke yangu.

Nyuma kukashuka. Polepole. Na kiti kikalia kriii.

Vioo bado vilikuwa vimegeuzwa, nilikuwa sijavirudisha. Sikuvigusa. Nilivuka mto, nikapanda mlima, nikaenda kwa gia ya pili njia nzima, na kwenye kila shimo nilipunguza mwendo kama nilivyokuwa nikifanya Mama Tina alipokuwa na mimba. Watoto kando ya barabara, ambao kwa kawaida humpigia kelele kila mwenye pikipiki, walitazama tu.

Langoni kwa Mama Wanjala nilisimama. Nyuma kukainuka.

Nilikaa kwenye jiwe karibu saa nzima, bila kuikaribia. Hatimaye yule mama akatokea kwenye kona, viatu mkononi, vumbi hadi magotini. Aliifikia pikipiki, akalegeza kile kitawi, akaingia nacho uani. Akarudi na maji ya kunywa. Ndipo akaniuliza.

"Mmefika salama?"

Nami, mtu wa chuma ni chuma, nikajibu, "Tumefika, Mama."

Nilipomweleza Barasa, alisema springi mpya huchukua siku kadhaa kuzoea. Nikamwambia sawa, Fundi. Hatujaizungumza tena.

Funzo langu ni hili. Ukinunua pikipiki iliyotumika, ijaribu ikiwa imebeba na ijaribu ikiwa tupu, maana inaweza kukudanganya kwa namna moja na kukuua kwa nyingine. Angalia springi za nyuma kabla hujagusa spoki. Na wewe unayefunga za tuktuk ili upunguze safari, kumbuka kuna safari ya kurudi. Ukimwona mtu anayumba barabarani, usiwe mwepesi kusema amelewa. Ana mama.

Wenye ujuzi wa kubeba mizigo, karibuni mnisahihishe kwenye habari ya springi. Kama nimekosea mahali, semeni. Kwa lile la mtoni sihitaji maelezo, lakini kama kuna mwingine aliyewahi kubeba hivyo, aandike hapa chini, nitasoma.

Vioo nimevirudisha, vyote viwili vinatazama nyuma. Barabara ni tupu.